Kichupa cha Kioo na Damu Isiyoganda

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii tumeizoea mno hata tumesahau sharti lililojificha ndani yake: ili mtu ashtuke aonapo ung'ongo, lazima kwanza awe alipona. Katika nyika za Garissa, Wajir na Mandera wamo watu wasiohesabika ambao hawakupata kamwe fursa ya kushtuka. Waliumwa usiku, wakazikwa baada ya siku chache, na majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote. Leo, ndugu msomaji, nataka tuwazungumzie hao, na pia tumzungumzie mtaalamu mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta jibu la swali linaloonekana dogo: kwa nini damu ya mtu aliyeumwa na nyoka hukataa kuganda?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa safarini kutoka mji wa Garissa kuelekea Modogashe. Gari letu lilipata pancha, nasi tukajikinga jua katika ukumbi wa zahanati moja ndogo iliyokuwa kando ya barabara. Hapo nilimkuta mzee mmoja mfugaji akiwa na mpwa wake, mvulana mchunga mbuzi wa umri wa miaka kama kumi na miwili. Mtoto alikuwa ameumwa mguuni usiku uliotangulia, alipotoka kwenda kutazama mbuzi zizini. Mguu ulikuwa umevimba hadi karibu na goti, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameketi, akiongea na kunywa maziwa.

"Daktari," mzee alimwambia muuguzi, kwa kuwa huko kila mwenye sindano huitwa daktari, "mtoto anaongea na maziwa anakunywa. Tupe dawa ya maumivu turudi, mifugo haina mtu."

"Mzee wangu, nivumilie kidogo," muuguzi alimjibu kwa upole. "Mtoto anasema yu mzima. Sasa tuiulize damu yake kama nayo inasema hivyo."

Alimtoa mtoto damu kidogo kwa sindano, akaitia katika kichupa kipya cha kioo, kikavu na kisafi, akakiweka juu ya meza na kutazama saa yake. Tukangoja dakika ishirini. Hakuna aliyekigusa kichupa kile. Muda ulipotimia, muuguzi alikishika kwa vidole viwili na kukiinamisha mara moja tu. Damu ikatiririka kutoka upande hadi upande kama chai ya rangi. Haikuwa imeganda hata kidogo. Ndipo alipomwomba mtoto afumbue kinywa, na sote tukaona kwamba fizi zake zilikuwa zimeanza kuvuja damu.

Dawa ya kuua sumu ya nyoka haikuwako katika zahanati ile. Mtoto alipakiwa katika lori la mifugo lililokuwa likielekea mjini. Baadaye nilipata habari kwamba alipona, lakini si kabla ya jamaa zake kuuza ngamia jike mmoja ili kununua vichupa vya dawa katika duka la mtu binafsi. Nilishukuru Mungu kwa ajili ya mtoto yule. Hata hivyo, kile kichupa cha kioo hakikunitoka akilini. Ni nani aliyegundua kwamba kitu rahisi namna ile, kisichohitaji umeme wala mtambo, kinaweza kuamua nani arudi nyumbani na nani akimbizwe hospitali?

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza tuelewe damu inavyofanya kazi. Mtu anapojikata, mwili huanzisha mfululizo wa kazi nyingi zinazofuatana. Katika damu mna protini iitwayo protrombini, ambayo ikiamshwa hugeuka kuwa trombini. Trombini nayo huishika protini nyingine, fibrinojeni, na kuigeuza kuwa nyuzi. Nyuzi hizo hujisuka mithili ya wavu wa mvuvi, zikanasa chembe za damu, na jeraha likazibika. Damu ikiganda mahali pasipofaa, mathalan ndani ya mishipa ya moyo au ya ubongo, mtu hupooza au hufa. Isipoganda mahali panapofaa, mtu huvuja damu hadi afe. Uhai wetu unategemea mizani hiyo.

Sasa yuko nyoka mdogo wa jamii ya vifutu ambaye wataalamu humwita Echis. Aghalabu urefu wake haufiki hata nusu mita na ushei. Rangi yake hufanana na mchanga na mawe. Anapoghadhibika hujikunja na kuyasugua magamba yake ya ubavuni, yakatoa sauti kama ya mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Hutembea usiku, na mchana hujificha chini ya mawe na magogo. Mtu anayepita gizani kwa ndala, au mchungaji anayeinua jiwe kwa mkono, ndiye mwathiriwa wake wa kawaida.

Sumu ya nyoka huyu ina hila ya ajabu. Haiizuii damu isigande, bali huigandisha ovyo. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoiamsha protrombini bila kungoja jeraha lolote, na fibrinojeni yote hutumika bure mwilini mzima. Ni kama mchungaji aliyeyamwaga maji yote ya kisima mchangani kabla ngamia hawajafika: ngamia wafikapo, ndoo hutoka kavu. Kisha vimeng'enya vingine vya sumu hiyo hiyo huzila kuta za mishipa midogo ya damu. Basi mishipa inapasuka ilhali kitu cha kuiziba hakipo. Damu hutoka kwenye fizi, puani, katika mkojo, na mwishowe hata ndani ya ubongo. La kuhofisha zaidi ni kwamba haya yote yaweza kuchukua saa nyingi au siku kadhaa, na katika muda huo mgonjwa huonekana kama aliyekwisha kupona. Ndiyo maana mzee yule alitaka kurudi nyumbani, na hakuwa mjinga kwa kutaka hivyo.

Miongoni mwa madaktari wa kwanza kulichunguza jambo hili kitandani mwa mgonjwa, badala ya maabara tu, alikuwa Hugh Alistair Reid, Mwingereza aliyefanya kazi huko Penang, Malaya, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reid aliwaona wakulima walioumwa na nyoka wa huko wakiwa na damu isiyoganda kabisa, akaanza kuitazama damu hiyo saa baada ya saa. Baadaye alirejea Uingereza na kuendeleza kazi hiyo katika chuo cha tiba za nchi za joto kilichoko Liverpool.

Lakini aliyeifanya kazi hiyo iguse Afrika alikuwa David Warrell. Daktari huyu, aliyezaliwa mwaka 1939 na kusomea Oxford, alikuja kwanza Ethiopia mwishoni mwa miaka ya 1960, akitafiti homa zinazoenezwa na chawa. Kutoka huko alikwenda Zaria, kaskazini mwa Nigeria, kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello. Nchi ile ya mashamba makavu na mawe ilikuwa na nyoka Echis kwa wingi, na wodi zilikuwa zimejaa wakulima waliovuja damu. Warrell na wenzake hawakungoja vifaa vya kifahari. Walianza kwa kuwatazama wagonjwa, kuwapima damu na kuandika kila walichokiona.

Kwanza walijiuliza swali ambalo lingemjia mtu yeyote mwenye akili. Ikiwa madhara ya sumu hii ni kugandisha damu ovyo, kwa nini tusimpe mgonjwa heparini, dawa izuiayo damu kuganda, ili fibrinojeni yake isalimike? Katika maandishi hoja hiyo ilikuwa na mvuto. Walipoijaribu kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 1976, ilidhihirika kwamba heparini haikuwasaidia. Mimi huona kwamba hapo ndipo palipo na heshima ya mwanasayansi wa kweli. Si kila mtu anayeweza kutangaza mbele ya wenzake kwamba wazo zuri limeshindwa. Hata hivyo kushindwa huko kuliwafunza madaktari kwamba hakuna njia ya mkato: sumu huondolewa na dawa iliyotengenezwa mahsusi dhidi ya sumu hiyo.

Swali la pili lilikuwa hili: je, dawa zote zinazoitwa dawa za nyoka zinafanana? Mwaka 1974 Warrell na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya kulinganisha dawa mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya sumu ya Echis. Kipimo chao kilikuwa kilekile cha kutazama kama damu ya mgonjwa imerudia kuganda. Dawa hizo mbili hazikuwa na nguvu sawa. Zote zilikuwa na vibandiko vizuri na zote zilitoka kwa watengenezaji wanaojulikana, lakini moja iliwasaidia wagonjwa kuliko nyingine. Naomba msomaji alihifadhi jambo hili, kwa kuwa tutalirudia tutakapofika Garissa.

Swali la tatu ndilo lililozaa kile kichupa. Katika zahanati ya mashambani hakuna mtambo wa kupima fibrinojeni. Je, muuguzi atajuaje kwamba damu imeharibika? Jibu lilikuwa kutia mililita mbili au tatu za damu katika chombo cha kioo, kuiacha dakika ishirini bila kuitikisa, kisha kukiinamisha chombo mara moja. Ikiwa damu yote ingali maji, sumu imo na dawa inahitajika. Kichupa lazima kiwe cha kioo, kwa kuwa kioo chenyewe ndicho kinachoichochea damu ianze kuganda. Cha plastiki hakifai, na hata cha kioo kilichooshwa kwa sabuni huweza kumdanganya tabibu. Mwenye shaka huchukua damu ya jamaa wa mgonjwa aliye mzima na kuipima katika kichupa cha namna ileile. Ikiganda, kichupa ni cha kuaminika.

Wapo waliokidharau kipimo hicho kwa urahisi wake. Lakini mwaka 1994 watafiti nchini Brazil, waliokuwa wakiwachunguza watu walioumwa na nyoka wa huko, walikilinganisha na vipimo vya maabara, wakathibitisha kwamba kinaonyesha vizuri pale fibrinojeni inapokuwa imepungua sana. Fauka ya hayo, kipimo hicho humwongoza tabibu baada ya kutoa dawa. Dawa ikiwa ya kutosha, ini hutengeneza fibrinojeni mpya, na baada ya kama saa sita damu hurudia kuganda. Isipoganda, dozi nyingine hutolewa. Na hata mgonjwa akifika hospitali siku kadhaa baada ya kuumwa, maadamu damu yake ingali haigandi, dawa bado yaweza kumfaa.

Warrell aliondoka Zaria katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1979 alianzisha kituo cha utafiti cha Oxford huko Bangkok, Thailand, ambako aliendelea na nyoka na malaria kwa miaka mingi. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani uliutolea Afrika mwaka 2010 kuhusu matibabu ya kuumwa na nyoka umebeba alama za kazi yake, na kipimo cha dakika ishirini kimo ndani yake. Hivyo ndivyo elimu iliyokusanywa Penang, Zaria na Bangkok ilivyofika juu ya meza ya zahanati moja kando ya barabara ya Modogashe. Muuguzi yule huenda hakulijua jina la yeyote kati ya watu hao, lakini kazi yao ilikuwa mikononi mwake.

Na nyoka wetu? Zamani Echis wote, wa kuanzia India hadi Afrika Magharibi, waliitwa kwa jina moja. Uchunguzi zaidi umewagawanya. Wa Kenya leo hujulikana kama Echis pyramidum, na mwaka 1974, katika jarida la wanahistoria ya viumbe wa Afrika Mashariki, Robert Drewes na Jonathan Sacherer walieleza jamii ya nyoka hawa iliyopatikana kaskazini mwa nchi yetu, pande za Wajir. Wingi wao si hadithi ya kutishia watoto. Vitabu vya wataalamu wa nyoka wa Afrika Mashariki vinasimulia kwamba karibu nyoka 7,000 wa aina hii waliwahi kukusanywa kwa miezi minne tu katika eneo moja la kaskazini mwa Kenya, karibu na mlima Moille.

Sasa nifike kwenye lalama yangu. Sumu ya Echis imeifaa dunia sana. Maabara hutumia kimeng'enya kilichotolewa katika sumu ya nyoka wa jamii hii, kiitwacho ekarini, kupimia damu ya wagonjwa. Wanasayansi walipochunguza kipande kingine cha sumu ya Echis walijifunza namna ya kuzuia chembe za damu zisishikamane, na kwa kuufuata mfano huo walibuni dawa iitwayo tirofiban, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998 kwa wagonjwa wa moyo. Mtu mwenye uwezo aliyelazwa London au Chicago kwa ajili ya moyo ameokolewa na elimu iliyotokana na meno ya nyoka. Sina wivu naye, na Mungu amzidishie umri. Lakini mtoto aliyeumwa na nyoka wa ukoo huohuo huko Balambala, Dadaab au Hulugho hufa kwa kukosa dawa ambayo misingi yake imejulikana tangu karne ya kumi na tisa.

Dawa ya kuua sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuvuna kinga iliyojijenga katika damu yake. Ni kazi ya gharama, na wanunuzi wake ni maskini. Ndiyo sababu kampuni moja kubwa ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza dawa iliyotegemewa sana barani Afrika iliacha kuitengeneza, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda katikati ya mwaka 2016. Pengo likajazwa na dawa za bei nafuu, na baadhi yake zilitengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi. Huko Ghana, dawa ya namna hiyo ilipochukua nafasi ya ile iliyotumika awali, vifo vya walioumwa na Echis katika hospitali iliyochunguzwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1, kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2008. Hapa kwetu, uchunguzi wa maabara uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu dawa zilizokuwa zikipatikana Kenya ulifichua mapungufu ya kutia wasiwasi katika uwezo wa baadhi yake dhidi ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki.

Hapo ndipo somo la Zaria la mwaka 1974 linapotusuta. Tulikwisha kuambiwa kwamba dawa za nyoka hazifanani. Kununua dawa kwa kutazama bei peke yake ni sawa na kununua ufunguo kwa uzuri wake bila kuujaribu katika kufuli.

Najua wapo watakaosema kwamba Kaskazini Mashariki ina matatizo makubwa kuliko nyoka: ukame, barabara, usalama, maji. Sikatai. Wengine watanikumbusha homa ya Bonde la Ufa, iliyolipuka Garissa na maeneo jirani baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, kisha ikarudi mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007. Homa hiyo nayo, inapozidi, huliharibu ini na kuifanya damu isigande, na wakaazi wa Garissa waliwazika ndugu zao waliokufa wakivuja damu. Lakini tazama tofauti. Homa ile ilipozuka, wataalamu walimiminika kutoka kila upande, kwa kuwa iliua watu wengi kwa pamoja na kwa kuwa nchi za Ghuba zilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Biashara ilisimama, na dunia ikasikia. Nyoka hamzuilii mtu biashara. Humwua mchungaji mmoja hapa, mama mmoja mtafuta kuni pale, na soko la mifugo la Garissa hufunguliwa kesho yake kama kawaida.

Kwa bahati njema, dunia imeanza kusikia. Mwezi Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Mwaka uliofuata mataifa yalipitisha azimio, na baadaye shabaha ikawekwa ya kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Shirika hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hii. Mwaka 2019 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wake wa kitaifa. Huko Karen, Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa wanyama wa jamii ya nyani, kimeanzishwa kituo cha Kenya cha utafiti wa kuumwa na nyoka, kinachoshirikiana na wataalamu wa Liverpool.

Iko pia habari nyingine ya kutia moyo. Vimeng'enya vya sumu ya Echis vinavyoila mishipa vinahitaji madini ya zinki ili vifanye kazi. Mwaka 2020 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba dawa ya kumeza iitwayo unithiol, ambayo kwa miaka mingi imetumika kutibu sumu za madini kama zebaki, huweza kuwakinga panya dhidi ya sumu hiyo. Baada ya hapo majaribio ya kuchunguza usalama na kiasi cha dawa hiyo yalifanywa kwa watu wazima wenye afya huko Kilifi, katika pwani yetu wenyewe. Safari ingali ndefu, na dawa hiyo haijawa badala ya ile ya sindano. Lakini hebu tafakari: kidonge au unga wa kukoroga ambao mchungaji angeweza kuubeba mkobani na kuunywa papo hapo kabla ya kuanza safari ya saa nyingi kuelekea hospitali!

Tusikae tukingoja muujiza huo. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na kuna mambo ambayo kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zinaweza kuyafanya sasa. Kwanza, kila zahanati ipewe vichupa vipya vya kioo na kila muuguzi afunzwe kipimo cha dakika ishirini. Gharama yake ni ndogo mno hata ni aibu kuitaja, na Garissa ina tawi la Chuo cha Mafunzo ya Utabibu ambalo laweza kuibeba kazi hiyo. Pili, dawa isinunuliwe kabla ya kuthibitishwa kwamba inaiweza sumu ya nyoka wetu, na ile iliyokaushwa ikawa unga ipewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa huvumilia joto la huko kuliko ya majimaji inayotaka friji wakati wote. Tatu, dawa hiyo iwe bure kwa mgonjwa. Familia isilazimike kuchagua kati ya mtoto na ngamia anayewalisha watoto wengine. Nne, Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati kamili mwaka 2017, kiwape vijana wa huko nafasi ya kuwa watafiti wa nyoka wao wenyewe. Kama Mwingereza aliweza kuyatoa maisha yake kwa damu ya wakulima wa Zaria, kwa nini asipatikane binti wa Fafi au Ijara wa kuyatoa yake kwa damu ya wachungaji wa kwao?

Kwa upande wetu raia, tuache desturi zinazoua. Aliyeumwa asichanjwe chale, kwa sababu damu isiyoganda itatokea papo hapo bila kukoma. Asifungwe kamba ya kukaza, asifyonzwe jeraha, wala asipewe aspirini, maana nayo huzidisha kuvuja. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi, na asirudishwe nyumbani kwa sababu tu anaongea na kunywa maziwa.

Nikiukumbuka ukumbi ule wa zahanati, namwona yule mzee akikitazama kichupa kikiinamishwa. Hakuuliza tena lolote. Alijifunga vizuri kikoi chake, akamwinua mpwa wake mgongoni na kutoka kutafuta lori. Muuguzi alikuwa amemwambia ukweli, na mzee aliupokea. Kilichobaki kilikuwa wajibu wa wengine, waliopaswa kuhakikisha kwamba mwisho wa safari ile pana dawa. Muuguzi alikuwa na kichupa, naye akakitumia ipasavyo. Sisi wengine je, tumefanya la kwetu?